Ruzuku za Marekani kwa wahudumu wa meno: nani anaomba, nani anapata, na kwa nini wengi wanagonga mlango usio wao

Kila tangazo la ruzuku za serikali ya Marekani kwa wahudumu wa afya ya meno linapotoka, maswali yanakuwa yaleyale. Mmoja anauliza kama anaweza kuomba afungue kliniki yake. Mwingine yuko chuo cha udaktari wa meno, ada imemkaba, anataka kujua hiyo hela inalipia masomo au hailipii. Wa tatu alikuwa daktari wa meno kabla hajahamia Marekani, sasa hivi anafanya kazi nyingine kabisa, kasikia serikali inatafuta madaktari wa meno na anauliza fomu iko wapi. Halafu kuna yule aliyetumiwa meseji kwamba ruzuku yake imeshapita, anatakiwa tu atume hela kidogo ya kuifungulia. Wote wanne wanasema "ruzuku" lakini kila mmoja anaongelea kitu chake, na huyo wa mwisho anaibiwa.

Basi tulifumue hili jambo taratibu, maana hela yenyewe ipo kweli na kazi inayotakiwa kufanywa ni kubwa, ila watu wengi wanaohangaika nayo wanaanzia pasipo pao.

Ruzuku ni pesa serikali inayotoa ili kazi fulani ifanyike, na haidai irudishwe kama mkopo. Haidai irudishwe, lakini inadai hesabu. Ni sawasawa na mtu aliyekutuma dukani: kakupa hela, kakwambia ununue nini, ukirudi anataka kuona ulichonunua na risiti na chenji. Hela ilikuwa mkononi mwako ila haikuwa yako. Ukiielewa ruzuku kama pesa ya kutumwa, mambo mengi yanayofuata hayatakushangaza, kuanzia zile ripoti zisizoisha mpaka kwa nini huwezi kuitumia kulipa deni la kodi ya pango la mwaka jana.

Na "wahudumu wa afya ya meno" sio madaktari peke yao. Wamo madaktari wa meno, wamo haijinisti (wale wanaosafisha meno, kukagua fizi na kufundisha watu kinga), wamo wasaidizi wanaokaa pembeni ya kiti cha mgonjwa, wamo walimu wa vyuo vya meno, na kwenye baadhi ya majimbo wamo pia matabibu wa meno, watu waliosomea muda mfupi kuliko daktari lakini wanaruhusiwa kuziba na kung'oa meno ya aina fulani. Alaska ilianza kuwatumia kwenye vijiji vya wenyeji miaka ya 2000, Minnesota ikapitisha sheria yake mwaka 2009. Nalisema hili mapema kwa sababu maandiko mengi ya mradi yanaandikwa kana kwamba bila daktari mpya hakuna kinachowezekana, wakati mtoto wa shule anaweza kupakwa dawa ya kuziba mifereji ya magego kabla hayajaoza na haijinisti, hapohapo shuleni, na akaepuka kiti cha daktari miaka kadhaa.

Upande wa serikali, jina la kukumbuka ni HRSA. Hiki ni chombo kilicho chini ya Wizara ya Afya na Huduma za Jamii ya serikali kuu, makao yake Rockville, Maryland, na kazi yake ni kupeleka huduma za afya kwa watu ambao soko huwa linawaruka. Ruzuku nyingi za wahudumu wa meno zinapitia hapo.

Kwanza, kwa nini serikali inaweka hela hapa

Tatizo kubwa la Marekani kwenye meno ni mgawanyo. Madaktari wamejaa mijini na kwenye vitongoji vya watu wenye bima nzuri, halafu unakuta wilaya nzima ya mashambani haina hata mmoja, au aliyepo ana umri wa kustaafu na hakuna wa kumrithi. Ukitaka kujua kwa nini, mfuate kijana aliyemaliza chuo. Wanaomaliza udaktari wa meno wakiwa na madeni wanatoka na deni ambalo kwa wastani linakaribia dola 300,000, sasa huyo mtu umwambie aende akafungue kliniki mahali ambapo wagonjwa wengi wana Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, ambayo kwa kawaida inalipa kidogo kuliko bima binafsi, tena kwa watoto majimbo yote yanalazimika kulipia meno lakini kwa watu wazima kila jimbo linaamua lenyewe litalipia nini au lisilipie kabisa. Mahesabu hayamruhusu, hata kama moyo unataka.

Na hili sio jambo la tabasamu zuri. Mwaka 2007 mtoto wa miaka 12 alifariki huko Maryland baada ya jino bovu kuleta maambukizi yaliyopanda mpaka kwenye ubongo. Jino lenyewe lingeng'olewa kwa dola kama 80. Mama yake alikuwa anahangaika kupata daktari wa meno anayepokea Medicaid kwa ajili ya mdogo wake huyo mtoto. Ni kifo kilichotikisa Bunge la Marekani, na mwaka 2009 likaweka sheria kwamba bima ya watoto ya CHIP lazima ilipie meno. Lakini sheria ya bima peke yake haimleti daktari kijijini. Kadi ya bima bila mtu wa kuipokea ni plastiki tu, na ndo maana kuna ruzuku za wahudumu.

Serikali inapimaje upungufu? Ina kipimo kinaitwa HPSA, watu wanakitamka "hipsa", maana yake eneo lenye upungufu wa wahudumu wa afya. Kwa meno, kanuni ya msingi ni daktari mmoja kwa watu 5,000 au zaidi, na pale penye mahitaji makubwa kupita kawaida inashuka mpaka mmoja kwa watu 4,000. Sio lazima liwe eneo la kijiografia, inaweza kuwa kundi la watu, kwa mfano watu wa kipato cha chini ndani ya mji ambao kwa ujumla una madaktari kibao, au inaweza kuwa kituo kimoja kama kliniki ya jamii au gereza. Kila HPSA ya meno inapewa alama kuanzia 0 hadi 26, alama ikiwa kubwa uhitaji ni mkubwa. Watu zaidi ya milioni 50 wanaishi ndani ya upungufu huo wa meno. Hiyo alama utaikuta kwenye tovuti ya data ya HRSA, unaandika anwani inakuletea, na ni bure, kwa hiyo kabla hujauliza kitu kingine chochote angalia hiyo.

Milango mitatu

Sasa hapa ndo penye mkanganyiko wenyewe. Kuna milango mitatu, na kila mmoja una mtu wake.

Mlango wa kwanza ni wa majimbo. Sheria ya Huduma za Afya ya Umma, kifungu cha 340G, kilichoingizwa mwaka 2002, kinaruhusu HRSA kutoa ruzuku kwa majimbo ili kusapoti nguvu kazi ya afya ya kinywa. Soma hilo neno "majimbo" vizuri. Anayeomba ni taasisi ya serikali ya jimbo, mara nyingi idara ya afya au ofisi ya afya ya kinywa ya jimbo. Daktari binafsi hawezi kuaplai hapa, kliniki ya mtaani haiwezi, chama cha jamii nacho hakiwezi.

Ila usiondoke, kwa sababu vitu ambavyo jimbo linaruhusiwa kufanya na hiyo hela vinakugusa moja kwa moja. Jimbo linaweza kulipia sehemu ya madeni ya masomo ya madaktari wanaokubali kufanya kazi kwenye HPSA. Linaweza kumpa daktari anayepokea Medicaid ruzuku ndogo au mkopo wa riba nafuu au usio na riba anunue viti na mashine kwenye eneo lenye upungufu. Linaweza kulipia wanafunzi na madaktari walioko mafunzoni wapangiwe kwenye kliniki za jamii, kusapoti huduma za meno kwa njia ya video, kuendesha mafunzo kazini, kusaidia miradi ya kinga kama kuweka floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, kwenye maji na ile dawa ya kuziba magego mashuleni, hata kwenda mashuleni kuwavuta vijana wapende kazi hizi. Kwa hiyo yule aliyeuliza kama atapata hela ya kliniki, jibu lake ni kwamba hela inaweza kumfikia, lakini inapitia jimboni, na inamfikia tu kama jimbo liliomba na kwenye andiko lake liliweka hicho kipengele.

Mlango wa pili ni wa vyuo na taasisi za mafunzo. Kifungu cha 748 cha sheria hiyohiyo, kilichowekwa na mageuzi ya afya ya mwaka 2010, kinahusu mafunzo ya meno ya kawaida, meno ya watoto na afya ya kinywa ya umma, na haijinisti wamo. Hapa wanaoomba ni vyuo vya meno, hospitali zenye mafunzo, na taasisi za umma au zisizo za faida zenye programu inayotambulika. Mwanafunzi haombi kwa HRSA. Chuo kinaomba, kikipata ndo kinatangaza ndani kwake nafasi za msaada, na kwa kawaida anayepokea huo msaada lazima awe raia au mkazi wa kudumu. Mwanafunzi anayetafuta hii hela aende ofisi ya masomo ya chuo chake aulize chuo kina ruzuku gani za HRSA mwaka huu, hilo swali linafungua mengi kuliko kutafuta onlaini usiku kucha.

Mlango wa tatu ndo wa mtu mmoja mmoja, na kusema kweli kisheria ni mkataba wa kazi zaidi kuliko ruzuku tuliyoielezea juu. Unaojulikana sana ni wa NHSC, kikosi cha kitaifa cha huduma za afya ambacho mizizi yake ni sheria ya mwaka 1970. Daktari wa meno au haijinisti mwenye laiseni anakubali kufanya kazi miaka miwili kwenye kituo kilichopitishwa na NHSC ndani ya HPSA, na serikali inamlipia deni la masomo hadi dola 50,000 akifanya kazi muda wote. Hela hiyo haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu. Inavutia, na mimi naiona ni moja ya njia safi zaidi za kutoka kwenye deni kwa mtu ambaye kweli anataka kuhudumia watu.

Lakini kuna mambo mawili watu hawaambiwi mapema. La kwanza, lazima uwe raia wa Marekani, grinikadi haitoshi. La pili, ukivunja mkataba, adhabu ni nzito: unarudisha hela ya kipindi ambacho hukufanya kazi, unaongezewa dola 7,500 kwa kila mwezi uliobaki, halafu riba juu yake, na kiwango cha chini cha kudaiwa ni dola 31,000. Mtu akaona kliniki ina meneja mbaya akaacha tu kazi bila kuongea na NHSC kwanza kuhusu kuhamishiwa kituo kingine, anaweza kujikuta anadaiwa kuliko alichopewa. Soma mkataba mara mbili, ukimaliza mpe mtu mwingine naye ausome.

Na yule wa tatu kwenye maswali ya mwanzo, aliyesomea udaktari wa meno nje ya Marekani? Hili linauma kulisema. Hakuna ruzuku kati ya hizi inayompa laiseni wala inayomruhusu kuruka hatua. Njia ya kawaida ni kupita mtihani wa kitaifa wa INBDE, halafu kuingia programu maalum ya miaka miwili au mitatu kwenye chuo cha Marekani kilichopitishwa, halafu laiseni ya jimbo, na kila jimbo lina masharti yake, machache yana njia fupi zaidi. Wakati huohuo nchi inalia haina wahudumu. Kwa maoni yangu hapo kuna akiba ya watu inayopotea bure, na majimbo yangeweza kutumia kipengele cha kuvuta na kubakiza wahudumu kuwafikiria hawa. Ila kwa sasa, mtu akikwambia kuna fomu ya ruzuku itakayokupa laiseni, huyo anatafuta hela yako.

Ile asilimia 40

Turudi kwenye mlango wa majimbo kwa sababu kuna sharti moja linaloua maombi na linaeleweka vibaya sana. Sheria inataka jimbo lichangie kiasi kisichopungua asilimia 40 ya hela inayotoka serikali kuu. Watu wanasikia 40 wanadhani ni asilimia 40 ya mradi mzima. Hapana. Serikali kuu ikitoa dola 100,000, jimbo linaweka angalau dola 40,000, mradi mzima unakuwa dola 140,000. Ukikokotoa kwa mradi mzima utajiwekea mzigo mkubwa kuliko sheria inavyotaka, na ukishauandika kwenye bajeti ikapitishwa, umeahidi, utadaiwa huohuo.

Nafuu ni kwamba mchango sio lazima uwe taslimu. Sheria inakubali vitu na huduma, yaani jengo, vifaa, muda wa wafanyakazi, ilimradi thamani yake imepimwa kihalali. Chuo kikitoa kiti cha meno kisichotumika, kliniki ikitoa chumba siku mbili kwa wiki, madaktari wa kujitolea wakitoa masaa yao, vyote vinaweza kuhesabika. Hapo ndo kliniki ndogo na vyama vya jamii vinapopata sauti, maana jimbo likiwa linatafuta hiyo asilimia 40, mwenye chumba ana kitu cha kuleta mezani.

Kuna mitego miwili. Hela nyingine ya serikali kuu kwa kawaida huwezi kuihesabu kama mchango, na kitu kilekile huwezi kukihesabu kwenye ruzuku mbili. Pia kila saa na kila kifaa kiwe na karatasi. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye akauliza hayo masaa 300 ya kujitolea yako wapi, jibu la "walikuja, tuliwaona" halisaidii.

Kuaplai kwenyewe

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, taasisi lazima isajiliwe SAM.gov, na huko ndo inapewa namba yake ya utambulisho, UEI, yenye herufi na tarakimu 12. Zamani ilikuwa namba ya DUNS, ikaachwa Aprili 2022, ukikuta maelekezo yanayotaja DUNS ujue ni ya kale. Kujisajili ni bure. Kuna kampuni zinatuma barua pepe zinazofanana na za serikali zikitaka mamia ya dola kukusajili, huzihitaji. Usajili unahuishwa kila mwaka, na unaweza kuchukua wiki kadhaa kama jina la taasisi kwenye karatasi halilingani na lililoko kwenye mfumo, nukta au kifupisho tu kinatosha kukwamisha. Andiko zuri kabisa linaweza kufia hapa, kwa sababu usajili uliisha muda wake na hakuna aliyekumbuka kuangalia.

Baada ya hapo unaingia Grants.gov, ambako tangazo la ruzuku linawekwa na ndiko maombi yanakotumwa. Tangazo linaitwa NOFO na ni refu, kurasa nyingi, lugha ngumu. Lisome lote. Nasisitiza kwa sababu watu wanasoma kiasi cha hela na dedilaini wanaanza kuandika, wakati mlemle ndani imeandikwa nani anaruhusiwa, kurasa mwisho ngapi, viambatisho gani, na jinsi alama zitakavyogawanywa. Ukivuka kurasa ulizopewa, kilichozidi kinaweza kisisomwe au maombi yote yakawekwa kando. Dedilaini ya HRSA kwa kawaida ni saa 5:59 usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani, na mfumo ukikuta kosa unakurudishia, kwa hiyo anayetuma siku hiyohiyo usiku hajiachii nafasi ya kurekebisha. Tuma siku tatu kabla.

Wanaosoma maombi sio maofisa waliokaa HRSA wakichagua wanaowajua. HRSA inakusanya wataalamu wa nje, kila mmoja anasoma na kutoa alama kwa vigezo vilivyoandikwa kwenye tangazo: uhitaji, jinsi unavyouitikia, utapimaje matokeo, faida itakuwa ipi, una uwezo na watu wa kuifanya kazi, na bajeti inaendana na kazi. Hao wasomaji wanatafutwa wazi, mtu mwenye taaluma anaweza kujiandikisha kuwa msomaji, na kama unapanga kuandika maandiko miaka ijayo sijui shule bora kuliko hiyo.

Kwenye uhitaji, wengi wanaandika kilio. Wananchi wetu wanateseka sana, hali ni mbaya, tunaomba sana. Msomaji anaamini, lakini hana pa kuweka alama. Mpe alama ya HPSA ya eneo, watu wangapi kwa daktari mmoja, watoto wangapi wenye Medicaid wamemuona daktari wa meno mwaka uliopita na wangapi hawajamuona, mgonjwa anasafiri umbali gani, wangapi wanaishia hospitali ya dharura kwa maumivu ya jino ambako wanapewa dawa ya maumivu na kurudishwa nyumbani na jino lao. Hizo namba nyingi idara ya afya ya jimbo inazo tayari.

Halafu kuna swali ambalo kwangu ndo moyo wa andiko lolote la nguvu kazi: hao watu watabakije? Kumleta daktari ni rahisi ukiwa na hela ya kumlipia deni. Miaka miwili ikiisha anaondoka, kiti kinabaki kitupu na wagonjwa waliomzoea wanaanza upya. Andiko zito linaeleza nini kitamfanya akae, labda ni mtu aliyezaliwa hapohapo na akasomeshwa kupitia mpango wa jimbo, labda kuna haijinisti na msaidizi wa kutosha asifanye kazi ya watu watatu, labda kuna mtaalamu wa kumpigia kwa video anapokutana na kesi ngumu peke yake, labda mwenzi wake amesaidiwa kupata kazi. Mwanafunzi aliyefanya mazoezi kliniki ya mashambani akiwa bado anasoma angalau anajua anakubali nini. Serikali inanunua muda wa mtu kukaa mahali, kwa hiyo kama andiko lako linahesabu watu watakaokuja na halisemi kitu kuhusu watakaobaki, umeacha nusu ya kazi nje.

Bajeti nitaigusa haraka. Kila dola ieleze inafanya nini kwenye mpango kazi, na kila kazi kwenye mpango iwe na dola yake. Mshahara unaotozwa kwenye ruzuku una kikomo, kwa 2025 kilikuwa dola 225,700 kwa mwaka kwa mtu anayefanya kazi muda wote. Kwenye ruzuku za mafunzo, gharama za uendeshaji wa jumla kama umeme na uhasibu zinabanwa kwenye asilimia 8. Na hela ya ruzuku haitakiwi kuchukua nafasi ya hela ambayo jimbo lilikuwa tayari linatumia, inatakiwa kuongeza. Jimbo likipata ruzuku halafu likaondoa bajeti yake ya zamani ya meno, hilo ni tatizo la kisheria.

Vitu vinavyosemwa sana na sio kweli

"Serikali imekuchagua kupata ruzuku." Haichagui mtu ambaye hakuomba, haipigi simu, haitumi meseji za WhatsApp wala Facebook, na haitozi hela ili ikupe hela. FTC, chombo cha serikali kinacholinda walaji, kimekuwa kikionya kuhusu utapeli huu miaka mingi. Ukiombwa malipo au namba ya akaunti ya benki ili "ruzuku iachiliwe", kata simu.

"Ukipata ruzuku hela yote inaingia akaunti." Kwa ruzuku za Wizara ya Afya kuna mfumo wa malipo ambao taasisi inachukua hela kidogokidogo kadiri inavyotumia, na kila mwaka kuna ripoti ya kazi na ya fedha. Hata ruzuku ikitangazwa kuwa ya miaka minne, mwaka wa kwanza ndo wenye uhakika zaidi, inayofuata inategemea utendaji wako na kama Bunge limetenga hela, na mwaka wa fedha wa serikali kuu unaanza Oktoba 1.

"Nitamlipa mwandishi asilimia tukipata." Usikubali. Hiyo asilimia haina sehemu kwenye bajeti ya mradi, utaitoa mfukoni au utaingia matatani. Mwandishi analipwa kwa kazi yake, ruzuku ipatikane isipatikane.

"Tulikosa, maana yake hawatutaki." Ukikosa unapata maelezo ya wasomaji, wapi ulikuwa imara na wapi dhaifu. Hiyo karatasi ina thamani kubwa. Wengi hawaifungui kwa hasira, halafu mzunguko unaofuata wanatuma makosa yaleyale.

Mambo yanavyobadilika

Mwaka 2025 uliyumbisha sana upande huu. Machi 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mpango wa kuunganisha HRSA na vyombo vingine kwenye chombo kipya, na Aprili mwaka huohuo kitengo cha afya ya kinywa cha CDC, chombo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, kilikumbwa na upunguzaji mkubwa wa wafanyakazi. Utah nayo ikawa jimbo la kwanza kupiga marufuku floraidi kwenye maji ya umma, Florida ikafuata. Hili la floraidi linagusa ruzuku moja kwa moja, kwa sababu kuweka floraidi ni moja ya kazi zilizotajwa ndani ya kifungu cha 340G, sasa jimbo lililopiga marufuku litabidi kinga yake ielemee kwenye dawa ya kuziba magego na haijinisti mashuleni, na hiyo inataka watu wengi zaidi wa mikono. Kwa hiyo usitegemee tangazo la zamani ulilohifadhi. Jina la chombo, tarehe na kiasi vinaweza kubadilika, kifungu cha sheria kinakaa mpaka Bunge likiguse.

Kwa kliniki ya jamii au chama kisicho cha faida, kitu cha kufanya ni kutosubiri tangazo. Likishatoka mnakuwa na miezi miwili mitatu tu, na jimbo linakuwa limeshachagua wa kushirikiana nao. Tafuta ofisi ya afya ya kinywa ya jimbo lenu sasa hivi, waulizeni kama wana ruzuku ya 340G, inaisha lini, na mzunguko ujao wanapanga kuweka nini ndani. Nendeni na alama yenu ya HPSA mkononi na orodha ya mnachoweza kuchangia, chumba, masaa, viti, lugha mnazozungumza na wagonjwa, kila kitu na thamani yake kwa dola. Wakikubali, ombeni makubaliano ya maandishi yanayosema nani atafanya nini, kwa sababu hiyo barua yenye sahihi ndo itakayoambatishwa kwenye maombi ya jimbo.